Maswali ya Ziwani: Mwamba unaokula nyavu

Shikamoo Mzee wa Ziwani. Mimi ni kijana wa Mwanga hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Nimefanya kazi Nungwi, Zanzibar, kwenye kituo cha kupiga mbizi, nikaanza kwa kubeba mitungi ya wageni hadi nikapata cheti cha pili, kile cha kufika mita 30. Sasa nimerudi nyumbani na vifaa vya watu wawili. Wavuvi wa Katonga wanasema nje ya rasi kuna mwamba, mbali kidogo na ufukwe, nyavu zikishuka pale hazirudi nzima. Mimi na mwenzangu tumeingia kutokea ufukweni, tukaogelea chini kwa chini kuutafuta kwa dira, tukakuta mchanga mtupu mpaka hewa ikatulazimisha kugeuza. Boti hatuna. Tuupateje? Na je, ni kweli kina cha huku hakihesabiwi kama cha baharini? Mwenzangu anasisitiza hivyo, mimi naona ananitisha tu.
*Kijana wa Mwanga, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani.

Mwamba huo naujua, na wavuvi hawakukudanganya. Kilele chake kiko kwenye mita 24 hivi, mguu wake unaingia mchangani kwenye mita 38. Rasi yenyewe siitaji humu, maana gazeti hili linasomwa pia na wanaokusanya samaki wa mapambo. Samaki wengi wa mawe wa ziwa letu hawavuki mchanga. Ndiyo sababu rangi zao hubadilika rasi hadi rasi, na ndiyo sababu jiwe likishachotwa samaki wake huwezi kutegemea wengine waje kutoka jiwe la jirani.

Sasa, nyinyi mmekwenda kutafuta kwa kutumia hewa, na hewa ni kitu cha gharama kuliko vyote mlivyobeba. Ukiogelea chini mita 200 kutoka ufukweni na dira ikakosea nyuzi 5 tu, unafika mita 17 pembeni ya ulipokusudia. Siku ambayo macho yanafika mita 12, umeupita mwamba hujaona hata kivuli. Na nyuzi 5 si uzembe. Mkono ukichoka, au mkondo ukikusukuma kidogo ubavuni, zimeshatimia. Tafuteni kwanza kutokea juu, bila mtungi mgongoni. Mtungi uingie majini siku mnayojua mnakwenda wapi.

Boti hamna, lakini mtumbwi upo. Mlipe mvuvi mmoja wa Katonga asubuhi moja, awe mtu mzima aliyewahi kupoteza wavu wake pale, kwa sababu huyo halisahau lile jiwe. Chukua kamba isiyovutika, ifunge fundo kila mita, fundo la kumi kumi liwe na kitambaa chekundu. Mwisho wa kamba funga jiwe la kilo mbili lenye tako bapa, na chini ya tako pakaza sabuni laini ya mawese, nene kama nusu kidole. Shusha, hesabu mafundo, pandisha, tazama sabuni. Ikirudi na mchanga, mko mchangani. Ikirudi safi lakini imekwanguliwa, jiwe limegonga jiwe. Mabaharia walipima chini ya bahari kwa namna hii, risasi na mafuta ya mnyama, karne nyingi kabla ya mashine za mwangwi. Haihitaji betri, na sabuni ya mawese hapa Kigoma huiagizi kutoka mbali.

Mkishagonga jiwe, msishangilie kwanza. Simameni palepale mtazame nchi kavu. Mnataka vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, cha mbele karibu na maji na cha nyuma mlimani: mwembe fulani na nguzo ya umeme, au pembe ya nyumba na mwamba mweupe ulio juu yake. Halafu mnataka mstari mwingine kama huo upande wa pili, unaokata ule wa kwanza kwa pembe pana. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo penu. Ichoreni kwenye daftari, na msiiamini simu peke yake. Simu inatosha kukurudisha mtaa ule ule, ila kilele chenyewe hakizidi upana wa sebule.

Hapa nina onyo. Vijana wengine wanapewa alama na wazee, nao wazee wanazitoa kwa kumbukumbu za zamani. Ziwa limepanda sana katika miaka hii, nyinyi wenyewe mmeona nyumba na migahawa ya ufukweni ilivyoingiliwa na maji. Jiwe ambalo babu alilipanga na mti wa pwani huenda sasa limezama na mti umeanguka. Ziwa hili lina tabia hiyo tangu zamani. Cameron, mpelelezi Mwingereza, alipofika mwaka 1874 kwenye mlango wa mto Lukuga, ule unaotoa maji ziwani, aliukuta umezibwa na majani na mchanga, ziwa likazidi kupanda mpaka miaka michache baadaye likauzibua na kushuka tena. Kwa hiyo alama za mbele, hata zikiwa karibu na maji, chagueni zilizoinuka mahali ambapo ziwa halifiki.

Siku ya kuzama hamhitaji mtumbwi. Tafuteni mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ufungeni wavu katikati, na juu yake simamisheni mti wenye kitambaa chekundu kikubwa. Huo ndio boti yenu. Una kamba ya mita 30 yenye uzito mwishoni, unabeba maji ya kunywa, na mtu akichoka anaushika. Ogeleeni juu ya maji kwa bomba la kupumulia, mkiuvuta, bila kugusa hewa ya mtungi, mpaka mistari yenu miwili ikutane. Teremsheni uzito. Kamba ikilegea kwenye mita 24 au 25, mko juu ya kilele. Ikiisha yote bila kulegea, sogeeni. Baada ya hapo mnashuka kwa kuifuata kamba, mkono mmoja umeizunguka, na kule chini hamna cha kutafuta.

Nendeni saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Waambieni wavuvi na watu wa boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, kwa sababu bendera ya wapiga mbizi mliyoizoea Nungwi huku wachache wanaijua. Nahodha akiona kitambaa chekundu juu ya tairi atadhani ni boya la wavu wa mtu, na anaweza kuja kuchungulia na injini inazunguka.

Kuhusu kina, mwenzako hakutishi. Yuko sahihi.

Uso wa ziwa letu uko karibu mita 770 juu ya bahari. Hewa inayotukandamiza hapa ni kama asilimia 91 ya ile inayomkandamiza mtu wa Nungwi. Kinachosababisha mapovu ya gesi mwilini, yale yanayomuumiza mpiga mbizi akipanda, si kina peke yake, bali uwiano kati ya presha ya chini na presha unayorudi nayo juu. Huku juu presha ni ndogo, kwa hiyo uwiano ni mkubwa, na mita 30 za Katonga mwili unazihesabu kama mita 32 au 33 za baharini, hata baada ya kupunguza kwa kuwa maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Chukua jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, ulilosomea. Mita 30 baharini linakupa dakika 20 bila kusimama kwa lazima njiani. Mita 33 hazina mstari wake, unaingia mstari wa 35, nao unakupa dakika 14. Lakini ukikomea mita 26 za hapa, hesabu inaangukia kwenye mstari wa 30, na dakika 20 zako zinarudi. Mita nne zinakula dakika sita. Ndiyo maana nakuambia baki kwenye kilele na mabega ya mwamba, mguu wake uachane nao. Samaki wengi wako juu hata hivyo.

Kompyuta ya kupigia mbizi unayovaa mkononi ipange kwa hali ya maji yasiyo na chumvi na ya mwinuko, na kama ni ya kujirekebisha yenyewe iwashe ukiwa ufukweni kabla hujaingia. Uzito wa kiunoni punguza kilo 2 hadi 3 kutoka ule wa Zanzibar. Usipopunguza utashuka kama nanga, kisha utamaliza hewa ukiijaza kwenye jaketi la kuelea.

Hewa nayo tuihesabu, kwa sababu vijana hupenda kusema "tutageuza kwenye 50", yaani geji ikisoma bar 50 (bar ni kipimo cha presha). Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400. Chukulia mmekaa mita 30 na rigyuleta ya mwenzako, kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, imegoma, mnapumua wawili kwenye mtungi mmoja, mmeshtuka, kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika. Presha ya pale inakaribia bar 3.9. Dakika moja ya kutulia na kuelewana, dakika nne za kupanda polepole, dakika tatu za kusimama kwenye mita 5: jumla inapita lita 1,050, yaani karibu bar 90. Hiyo ndiyo akiba, haiguswi na mtu. Geji ikisoma 110 mnaaga jiwe, samaki awe mzuri namna gani. Ukivuta lita 20 kwa dakika huku umetulia, hapo chini umepata dakika 13 hivi. Zinatosha kabisa kwa jiwe la ukubwa wa sebule.

Na kurudi ndiko kunakonipendeza kwenye mbizi ya kutokea ufukweni. Aliye na boti hupanda wima na kuning'inia kwenye kamba akitazama maji matupu. Nyinyi mkiwa na hewa ya kutosha juu ya ile akiba, geuzeni dira, fuateni mteremko kuelekea nchi kavu, mkipanda nao kidogo kidogo. Kina kinapungua chenyewe. Mkifika mita 5 mko juu ya mawe ya pwani, zile dakika tatu mnazimaliza mnatazama samaki wakikwangua mwani. Geji ikisoma kidogo, rudini kwenye kamba, pandeni, ogeleeni juu na mpira wenu. Mmoja wenu asibishane na mwenzake juu ya hilo chini ya maji. Mkubaliane ufukweni.

Nimeliacha la hatari zaidi ili usome ukiwa umetulia. Umesema mwenyewe kwamba mwamba ule unakula nyavu. Basi nyavu hizo ziko wapi? Ziko palepale, zimeuvaa. Nyingine ni za nyuzi nene unaziona, nyingine ni za uzi mmoja wa plastiki ambao majini hauonekani mpaka umekushika valvu ya mtungi kwa nyuma, mahali mkono wako haufiki. Mwamba ule hautofautishi sangala na wewe. Kila mmoja awe na visu viwili, kimoja kifuani na kingine mkononi, na kimoja kati ya hivyo kiwe mkasi, kwani uzi wa plastiki huponyoka kwenye kisu butu. Msiingie chini ya jiwe lililoning'inia. Akinaswa mmoja, aliyenaswa anasimama kabisa, hageuki, hapigi mapezi, na mwenzake ndiye anayekata. Anayejizungusha anajifunga. Na msijitie kuusafisha mwamba siku ya kwanza. Kutoa wavu chini ya maji ni kazi ya watu waliofundishwa kazi hiyo.

Mkifika salama mtaona nini? Usitarajie matumbawe ya Mnemba. Haya ni mawe, yamepakwa sponji na mwani, na ukubwa wa mambo uko kwenye samaki. Wapo wadogo wembamba wanaoelea kwa makundi juu ya kilele, wanaume wakiwa na mikia ya njano au buluu. Ukibahatika utamkuta kuhe, mkubwa kuliko jamii yake yote ya sikilidi, baba na mama wakilinda makinda pamoja kwenye mchanga kando ya jiwe. Msimsogelee kwa ajili ya picha. Ukimfukuza dakika moja, wengine wanawala watoto wake. Konokono wa ziwa hili wana magamba mazito yenye miiba kama ya baharini, kiasi kwamba Mwingereza J.E.S. Moore alikuja hapa mwaka 1896 akiamini ziwa liliwahi kuungana na bahari. Haikuwa hivyo, lakini ukiwaona utamsamehe. Kuna na kiwavi wa majini, yule mwenye kuelea kama mwavuli, mdogo wa upana wa sarafu. Nyoka wa majini mwenye pete za rangi shingoni naye yupo kwenye mawe. Ana sumu kali, lakini anawinda samaki, hakutaki wewe. Mpe njia, weka mikono karibu na mwili. Mamba waulizie asubuhi ile ile kwa wanaoishi pale, wala si kwa mtu wa mjini, na kaa mbali na midomo ya mito na matete.

La mwisho kwako: chemba ya presha ya kumtibu mtu mwenye mapovu iko Zanzibar, ng'ambo ya pili ya nchi. Reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam peke yake inapita kilomita 1,200. Ndege ya kawaida ikiruka inampunguzia mgonjwa presha tena, jambo ambalo ndilo lililomuumiza. Ulipokuwa Nungwi ungeweza kujaribu mpaka wa jedwali, kwa kuwa chemba hiyo ilikuwa Matemwe, kisiwa hicho hicho. Huku tumia robo tatu ya muda unaoruhusiwa, upande polepole kuliko ulivyofundishwa, na uwe na mtungi wa oksijeni ya matibabu ufukweni pamoja na mtu anayejua kuutumia.

Mzee, shikamoo. Mwanangu ameanza kwenda ziwani na hao wenye mitungi. Sina shaka na kina, nina shaka na kichocho. Je, huko chini kipo?
*Mama wa Ujiji*

Marahaba, mama. Kichocho kinatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na penye watu wanaojisaidia majini. Mita 25 chini si makazi yake. Ila mwanao hafiki mita 25 bila kupita kwenye nusu mita, na huko ndiko anakovaa mapezi kwa robo saa nzima akipiga soga. Aingilie penye mawe na mawimbi, si kwenye matete, avae nguo kamili ya mpira, ajikaushe mara akitoka. Vimelea huchukua wiki kadhaa kukomaa, na dawa ya praziquantel huua waliokomaa, kwa hiyo kumeza kesho yake hakusaidii sana. Apimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini, hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu nawe, na daktari ndiye aamue dozi kwa uzito wake.

Mwalimu wa maji, salaam. Ninafundisha Kasulu. Nina cheti cha kupiga mbizi. Nikishuka Jumamosi asubuhi, nikazama mara mbili, naweza kupanda basi la jioni kurudi?
*Mwalimu, Kasulu*

Usipande, mwalimu. Kasulu iko mamia ya mita juu ya ziwa, na basi likikwea vilima linakufanyia kile kile ambacho ndege ingekufanyia, kwa kipimo kidogo. Kwa ndege, kanuni inayotumiwa na wengi ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi za kurudia. Kwa safari yako mimi ningechukua hizo 18, kwa sababu hakuna anayekusubirisha ila kitanda cha nyumba ya wageni. Zama Jumamosi, lala Kigoma, kula mgebuka, panda basi la Jumapili mchana. Kushuka hakuna shida. Wanaotakiwa kungoja kabla ya mbizi ya kwanza ni wanaokuja kutoka Dar, kwa kuwa mwili wao umebeba naitrojeni, gesi ya hewa inayotengeneza yale mapovu, ya usawa wa bahari. Aliyekuja kwa ndege asubuhi angoje muda wa saa 6 tangu afike. Aliyekuja kwa treni ameshangoja vya kutosha njiani.

Babu, mimi niko darasa la sita. Je, samaki wanaishi mpaka chini kabisa ya ziwa?
*Mwanafunzi, Bangwe*

Hapana, mjukuu wangu. Ziwa lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina zaidi, lakini upande wetu wa kaskazini oksijeni inaisha kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo maji yana gesi ile inayonuka kama yai bovu, na samaki hawezi kupumua humo. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri kwa sababu ya juu ni ya joto kidogo, na ya chini yanakaa karibu nyuzi 23 mwaka mzima. Kwa hiyo dagaa, migebuka, kuhe na wote unaowajua wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu, na sehemu kubwa ya ziwa chini yao ina vijidudu tu.

Ndugu mhariri wa ziwa. Nimepata mtungi wa oksijeni, ule mweusi wenye bega jeupe, kwa bei nzuri. Ninataka kuja Kigoma kujifunza kupiga mbizi nao. Oksijeni si bora kuliko hewa ya kawaida?
*Msomaji, Tabora*

Si bora, ndugu yangu, itakuua. Oksijeni tupu ikipita mita 6 hugeuka sumu ya mishipa ya fahamu. Mtu anaweza kupata degedege bila dalili yoyote ya kumwonya, rigyuleta inamtoka mdomoni, anazama. Wapiga mbizi wanatumia hewa hii hii tunayovuta, iliyoshindiliwa na kompresa maalumu yenye vichujio, na wala si kompresa ya fundi wa pancha, ambayo kwanza haifiki hata sehemu ya kumi ya presha inayotakiwa, na pili inatema moshi na mafuta. Mtungi wa kupigia mbizi una mhuri wa tarehe ya kupimwa kwa maji, na hupimwa tena kila miaka 5 kwa kawaida. Huo wako una rangi za hospitali. Kabla hujafikiria jambo lingine lolote, muulize aliyekuuzia aliutoa wodi gani, kisha uurudishe.